Siku Mtani Alipovaa Koti Langu

Hasira zangu ziko karibu. Wanafunzi wangu wanalijua hilo, walimu wenzangu wanalijua, na mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa ananichemshia chai kwanza ndipo aniambie habari mbaya. Kwa hiyo msishangae nikisema kwamba nilipougua, kilichoniudhi kuliko maumivu ni sauti za watu. Hapa Bungu, wilayani Kibiti, tunaamkiana kwa kupaza sauti, mmoja upande huu wa barabara na mwingine ule, malori yanapita katikati. Ghafla wakaanza kuniamkia kwa kunong'ona. Mtu ananishika mkono, hauachii, macho yake yako shingoni kwangu. "Pole, mwalimu. Mungu yupo." Najua yupo. Wasiwasi wangu ulikuwa juu yangu mimi, kama nitakuwepo.

Uvimbe ulianza chini ya taya, upande wa kushoto, kiasi cha ndimu changa. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nimesimama mbele ya darasa la sita miaka mingi nikiwaambia watoto kwamba hata uvimbe usiouma ni wa kuupeleka hospitali. Wangu nikauita jino. Nilisukutua maji ya chumvi miezi miwili, nikafuga ndevu kuuficha, mpaka ukatokea wa pili kwapani, na kwapani hakuna jino. Hospitali ya Kibiti waliniandikia barua ya kwenda hospitali kubwa Dar es Salaam. Kule wakakata kinyama kidogo, wakakipeleka kupima, na nilipoitwa tena daktari mmoja kijana akaniambia ni saratani ya matezi. Akasema wengi wanapona. Nikamuuliza wengi ni wangapi. Akasema tuanze kwanza. Nitawekewa dawa kwa dripu kila baada ya wiki tatu, mara sita, kisha watapima tena waone imefika wapi.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa namfikiria binti yangu.

Ni mtoto wangu wa pekee. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja, na tulikuwa tunaishi wawili tu. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitano, tukamzika hapa hapa. Mimi na marehemu sote ni Wanyamwezi wa Tabora, tuliletwa huku na ajira ya ualimu tukiwa vijana. Na hapa tulipoletwa wenyeji ni Wandengereko, watani wetu. Wao wanasema babu zetu walipita huku na mizigo ya watu vichwani, wenyewe wamekaa pembeni wanakula nazi na kutucheka. Sisi tunajibu kwamba hapo walipokaa hawajanyanyuka mpaka leo. Utani huo si maneno tu. Msibani mtani ana haki zake. Anaweza kuvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akasema kama yeye, akalala kaburini akazuia maziko mpaka apewe chochote. Watu wanalia huku wanacheka, na mzigo unapungua.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni mtani wa namna hiyo. Ni mwanamke wa makamo, mzaliwa wa visiwa vya Delta ya Rufiji, ambaye ndoa ilimleta huku Bungu na ujane ukamwacha hapo hapo. Anasuka mikeka barazani kwake, na hakuna apitaye asitaniwe. Siku ya kumzika mke wangu yeye ndiye aliyevaa gauni la marehemu, lile la kijani la kufundishia, juu ya kanga zake, akashika daftari la mahudhurio na kupita mbele ya waombolezaji kwa zile hatua za haraka za marehemu. Sasa, dada zangu walikuwa wamemwambia mtoto kwamba mama amesafiri. Mimi nilisikia nikanyamaza, sikuwa na nguvu ya kubishana. Mtoto alipoliona lile gauni akapenya katikati ya watu huku anapiga kelele, "Mama umerudi!" akaikumbatia miguu ya mtani. Hakuna aliyecheka. Mtani alimnyanyua, akaenda kukaa naye nyuma ya nyumba, akalivua gauni na kulia naye mpaka jeneza likatoka. Nilijiambia nitamweleza mwanangu vizuri akikua kidogo. Sikumweleza.

Ndiyo maana iliponijia zamu yangu nilisema semina. "Baba anaenda semina Dar, siku tatu, utalala kwa bibi." Bibi ndiye huyo mtani. Nikirudi nimelegea, natapika, nasema chakula cha semina kimenivuruga. Mwalimu mkuu ndiye peke yake aliyejua, kwa kuwa nilihitaji ruhusa. Wengine waliniona tu nakonda, kila mmoja akajaza mwenyewe nafasi iliyoachwa wazi. Nilikwenda semina tatu. Mtoto hakuuliza swali hata moja, nami mjinga nikaona mpango unafanya kazi.

Ndevu zilidondoka, nikasema joto. Nywele nikazinyoa kabla hazijanyolewa na dawa. Lakini nyusi sikuzikumbuka. Asubuhi moja nimesimama uani napiga mswaki, mtani akachungulia juu ya ukuta.

"We Mnyamwezi, nyusi zako umemwachia nani huko Dar?"

Nikamwambia aniache.

"N'takuachaje? Mpagazi wangu mmoja tu niliyebakiziwa, naye anarudi kila safari kapunguka. Mara ndevu, sasa nyusi. Safari ijayo n'taletewa meno peke yake kwenye bahasha."

Nilikuwa sijala tangu jana yake. Nilitupa mswaki chini. "Nina saratani," nikasema kwa ukali, kama kwamba yeye ndiye aliyenipa. "Umefurahi?"

Aliuegemeza mkono wake ukutani, akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni kama fundi cherehani.

"Basi nianze mazoezi," akasema. "Huo mwendo wako mgumu, nisije nikakuaibisha siku yenyewe."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikuwa nimecheka tangu siku ya majibu, na wala sikujua kama bado naweza. Katika watu wote walionishika mkono na kuninong'oneza, huyu ndiye wa kwanza aliyeniambia wazi kwamba naye ameliona kaburi, na kwamba kuliona hakujamfanya aniogope. Nililia pia. Yeye akajifanya anatafuta kuku wake.

Alipoona nimetulia akauliza kama mtoto anajua. Nikamwambia hajui na asijue. Hapo akakunja uso.

"Uliyoyaona kwa mama yake hayakukutosha?"

"Ndiyo maana sitaki."

"Kha! Mwalimu mzima." Akatikisa kichwa. "Haya. Kulisema si kazi yangu, ni yako. Lakini mimi sitamwambia mtoto uongo. Akiniuliza, n'tamjibu."

Tangu siku hiyo sikupika tena. Mtani aliwaambia wanawake wa mtaa kwamba mpagazi wake hana nguvu, basi, hakusema zaidi, na wao hawakudai. Leo uji wa mchele kutoka nyumba hii, kesho mchuzi wa samaki kutoka ile, walio wa jumuiya yetu ya kanisani na wale wanaotoka madrasa kuchukua watoto wao. Mimi nilinung'unika. Mtu aliyezoea kusahihisha wenzake si rahisi kupokea bakuli. Mtani akanijibu kwamba hakuna aliyeniomba nipokee, kazi yangu ni kufungua mdomo.

Baada ya dripu ya nne nilirudi hoi kabisa. Siku iliyofuata wanawake kama saba walikuja kwangu asubuhi na gunia la mchele mpya wa mabondeni, wakatandika mikeka uani wakakaa kuuchambua, nusu ya kwangu na nusu ya kugawana. Mmoja akabandika sufuria kubwa ili wale hapo hapo. Mimi niliwekewa kiti mlangoni, nimejifunga msuli, nasikiliza umbea. Mmoja wao akamwuliza mtani hayo mazoezi ya kuniiga aliyokuwa akijisifia yamefikia wapi. Mtani hakungoja kubembelezwa. Alipita pembeni yangu akaingia ndani, akatoka na koti langu.

Lile koti ni la kijivu, nimekuja nalo kutoka Tabora, na nalivaa hata Bungu ikiwaka moto kwa kuwa mwalimu ni koti. Akalivaa. Akafunga mikono nyuma, akakiinamisha kiwiliwili mbele, akaanza kupita katikati ya nyungo akichungulia mchele wa kila mtu. "Huu ndio mchele au mawe? Eeh? Umeandika wewe au umenakili kwa jirani? Sawasawa?" Sikujua kama nasema sawasawa kila mwisho wa sentensi. Kumbe Bungu nzima inajua. Wanawake walikuwa wanajipiga mapaja. Nilicheka mpaka nikanyanyuka kwenda ndani kutapika, bado nacheka.

Nisichojua ni kwamba shuleni walimu walikuwa na kikao, na watoto wameruhusiwa mapema.

Mwanangu alitokea kwenye kona ya michongoma na mkoba wake mgongoni. Akaona viatu vingi mlangoni kwetu. Akaona mikeka uani, wanawake wamekaa, moshi wa sufuria kubwa. Akaona kiti kitupu. Katikati ya hayo yote akamwona mtani ndani ya koti la baba yake, anatembea kama baba yake. Mtoto aliyekulia kwingine angecheka au angeshangaa. Huyu amekulia hapa, na nguo ya mtu mgongoni mwa mtani alishawahi kuiona.

Huko ndani nilisikia sauti ambayo sikuitambua kuwa ya mwanangu. "Vua! Vua koti la baba! Vua!"

Nilitoka nimeshika ukuta. Alikuwa amemng'ang'ania mtani, anampiga kifuani kwa ngumi zote mbili, na mtani amesimama tu, mikono imemlegea, anapigwa. Wanawake wote walikuwa wamegeuka kunitazama mimi. Mwanangu naye akageuka. Akaniona nimesimama mlangoni, na msuli wangu, na mdomo umelowa.

Alimwachia mtani.

"Mbona hujafa?" akasema.

Hakusema kwa furaha. Alikuwa na hasira, na hasira ile naijua, ni ya kwetu. Mmoja wa wanawake akaomba istighfari chini kwa chini. Mtani alilivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kile kiti. Uso wake ulikuwa umelowa. Akachuchumaa mbele ya mtoto. "Nimekukosea mara mbili, mjukuu wangu," akasema, "na zote mbili sikukusudia." Kisha akanitazama mimi. "Haya, Mnyamwezi. Sasa ni wewe." Akawakusanya wenzake, sufuria wakaiacha jikoni, wakaondoka.

Tukabaki wawili tumekaa kwenye kizingiti. Nilitafuta pa kuanzia. Yeye akaanza.

"Uliniambia semina."

"Ndiyo."

"Baba, mimi nasoma shule hiyo hiyo unayofundisha. Walimu wote walikuwepo. Semina ya mtu mmoja iko wapi?"

Nilijifunga upya msuli wangu.

"Mimi nilijua umeoa Dar," akasema. "Nilijua una mke huko, unaona vigumu kumleta kwa ajili yangu."

Ndipo nilipopata habari za nyumba yangu mwenyewe. Miezi ile yote nikidhani mtoto haulizi kwa kuwa anaamini, yeye alikuwa anajiandaa kupokea mama wa kambo. Alikuwa amemwomba mtani amfundishe kupika wali wa nazi, bila kumwambia ni wa nini, na shuleni akawauliza wenzake mama wa kambo hupenda mtoto wa namna gani. Alikuwa amehamisha nguo zake kabatini, akaacha upande mmoja wazi. Ule wali nilikuwa nimeula mara kadhaa, nikausifu, nikasema amekua. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona hata siku moja mbele ya mtu mzima. Nilidhani nimemkinga na hofu, kumbe nilimwachia hofu yake mwenyewe, akaibeba peke yake, akaipikia.

Nikamweleza. Mimi siwezi kueleza bila ubao, kwa hiyo nikaomba daftari lake la sayansi, nikachora mtu, nikachora matezi, nikamwonyesha yangu yalipo. Nikamshikisha lile la shingoni, lililokuwa limepungua likabaki kiasi cha punje ya korosho. Nikamweleza dripu ni nini, kwa nini inadondosha nyusi. Alisikiliza kama mwanafunzi mzuri. Halafu akauliza lile swali.

"Utakufa?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema hapana. Neno lilishafika menoni.

"Sijui," nikasema.

"Nani anajua?"

"Labda daktari anajua zaidi yangu."

Akalifunga daftari. "Basi nitakwenda nimuulize yeye. Wewe ni mwongo."

Nilistahili. Hata hivyo nilipinga kumpeleka, nikasema hospitali ile si mahali pa mtoto, atayaona ya kumtisha. Mtani aliniuliza yapi ya kutisha kuliko aliyokwisha kuyaona uani kwangu. Kwa dripu ya tano na ya sita wote wawili walinisindikiza. Binti yangu alikaa pembeni ya kitanda akiangalia matone, na mtani aliwatania wagonjwa wenzangu, akianza na kuuliza kabila ili asikosee haki zake. Mzee mmoja Msukuma, ambaye wauguzi walisema haongei, alimjibu, na wakaendelea kutukanana mpaka dripu zake zikaisha.

Bungu nako mambo yalibadilika baada ya ile siku, maana kelele za mwanangu zilifika barabarani na siri haikuwa siri tena. Niliogopa sana hilo, na halikuwa na lolote la kuogopwa. Mwanamke muuza mihogo akaniambia dada yake alikuwa na hii hii ya kwangu. Mwalimu wa hisabati akavichukua vipindi vyangu, akavifundisha vibaya, nikapata cha kukasirikia. Watu wakarudi kuniamkia kwa kelele. Nyumbani mwanangu alishika orodha ya vidonge, akanisimamia kwa ukali nilioutambua. Lakini hakuniamini. Nikisema leo naumwa kidogo, anakwenda kumuuliza mtani kama ni kweli kidogo. Jambo hilo liliniuma kuliko sindano, na nilijua halina dawa ya haraka.

Siku ya majibu ya mwisho tuliingia kwa daktari wote watatu. Ni yule yule kijana. Alikuwa na picha yangu ya kipimo mezani, akamtazama binti yangu na sare yake ya shule aliyosisitiza kuivaa, akatabasamu.

"Mtoto angetoka nje kidogo, mzazi," akaniambia.

Mwanangu hakunyanyuka. Aliniangalia mimi. Hakunisihi wala hakununa. Aliniangalia tu, kuona nitafanya nini.

"Abaki," nikasema. "Ana swali, na utamjibu yeye. Mimi nitasikiliza."

Daktari aliniangalia, akamwangalia mtani. Akaiacha ile picha mezani na kumgeukia mtoto.

"Baba yangu atakufa?" mwanangu akamuuliza.

Daktari aliisogeza picha kwa mtoto. Akamwonyesha kwamba matezi ya shingoni na ya kwapani yamekwisha, na kwamba kifuani lipo moja lililobaki, dogo, watalipiga mionzi. Akamwambia wengi hupona, na kuna ambao huwarudia. "Kama baba yako ni wa hawa au wale," akasema, "kwa kweli sijui. Ningejua ningekwambia."

Mwanangu aliitazama picha, akakisogelea karibu kile kidoa cha kifuani, halafu akaegemea kiti chake na kunigeukia.

"Kumbe uliposema hujui, hukunidanganya," akaniambia.

Kisha akamuuliza daktari mionzi inaanza lini na kama inauma, na daktari akaanza kumweleza.